Injini ya Karimi Iliyobaki Majengo

Wajukuu zangu, na ninyi wengine wa umri wao, kila mkija hapa Dallas, mtaa wetu wa Embu, mnaniuliza swali moja: gari la silinda tatu ni zuri ama ni la kutupwa? Mnaniuliza mimi kwa sababu mmesikia nilifanya kazi gereji kule Majengo, Meru, mpaka mikono ikakataa kutakata. Mnataka jibu fupi, ndiyo au hapana, halafu mrudi kwa simu zenu. Jibu fupi sina. Nina habari za Karimi.

Karimi ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa kuteka maji Mikinduri. Aliolewa na Kobia, Mungu hakuwapa mtoto, na Kobia alipokufa Karimi akabaki kwenye boma la shemeji yake, Kaberia. Kaberia si mtu mbaya, hilo niliseme mapema. Hakumpiga, hakumnyima chakula. Lakini pale kwake Karimi hakwenda sokoni bila kuomba ruhusa, na chumvi alipimiwa kwa kijiko. Kilichomtoa pale ni gari dogo la mizigo la silinda tatu. Alilinunua kwa kuuza ndizi miaka na miaka, akakodi chumba karibu na soko, mlango una kufuli na ufunguo uko kwenye kamba shingoni mwake. Kwa hivyo nikiwasimulia habari za pistoni tatu, mjue ninausimulia mlango wa mwanamke mmoja.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Kazi ya gereji sikuiomba. Nilikuwa nawauzia uji mafundi wa Fundi Athumani, nyuma ya mabucha, si mbali na msikiti. Asubuhi moja Athumani alikuwa amelala chini ya lori, akanyoosha mkono bila kutazama, akasema, "Nipe kumi na saba." Mafundi wote walikuwa wameenda kusukuma gari lililokwama. Nikaweka kikombe chini, nikampa.

Mkono ukarudi chini ya lori. Halafu kichwa kikatoka.

"Nani kakufundisha spana, Mama Wawira?"

"Hakuna mtu. Nawasikia mkiitana."

"Na hii umejuaje ni kumi na saba?"

"Si imeandikwa?"

Alicheka mpaka akajigonga kwa chuma. "Basi tafuta mtu mwingine wa kuuza uji." Nilianza kwa kuosha vyuma na mafuta taa, nikaendelea hapo mpaka nywele zikawa nyeupe. Hata Kiswahili changu nilikiokota hapo, chini ya magari, kwa hivyo kikinuka oili mnisamehe.

Gari la kwanza la silinda tatu kuingia kwetu lilikuwa la mzee M'Ikiara, mkulima wa kahawa. Alikuja na plagi mpya nne ndani ya bahasha, amejinunulia mwenyewe. Akamkabidhi Fundi Gitonga, ambaye kwa malori alikuwa hodari lakini kuuliza aliona ni haya. Gitonga akabadilisha plagi ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu akaanza kutafuta shimo la nne. Akatoa betri. Akatoa kisafisha hewa. Akaingia chini ya gari. Nikamwona anaipapasa ile injini kama mkunga anayetafuta kichwa cha mtoto. Mwishowe akatoka, akampa mzee plagi moja kwa mikono miwili, kwa heshima sana.

"Mzee, hii imebaki."

"Imebaki aje?"

"Gari yako ni tatu."

M'Ikiara akasimama na fimbo yake. "Mimi nilinunua gari nzima. Asubuhi ilikuwa nne."

"Hapana mzee, imekuja hivyo."

"Kijana, ng'ombe ana chuchu ngapi?"

"Nne, mzee."

"Sasa nikikuachia wangu umkamue, nirudi nikute ana tatu, nitamuuliza ng'ombe ama nitakuuliza wewe?"

Wachinjaji waliacha nyama wakaja kusikiliza. Ilibidi Athumani anawe mikono aje kumkalisha mzee kwenye tairi. Akamuuliza kama amewahi kuona wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja. M'Ikiara akasema ameona, hata kwake wanatwanga.

"Wakiwa wanne," Athumani akasema, "wawili wanapanda, wawili wanashuka, kinu kinatulia. Wakiwa watatu, mdundo ni mtamu, mahindi yanatwangika, na wa kulishwa ni wachache. Lakini kinu kinatembea. Usipokibana kwa miguu kitakufikisha mlangoni. Gari lako ndilo hilo, mzee. Litatetemeka kidogo, na mafuta litakula kidogo."

Mzee akafikiri. "Na ile plagi ya nne?"

"Ni yako, weka akiba."

Aliiweka. Nasikia alikuwa akiwaonyesha wageni.

Mpaka leo sijasikia mtu akiieleza silinda tatu vizuri kuliko hivyo. Uzuri wake ni huo: vyuma vinavyosuguana ni vichache, kwa hivyo inakunywa kidogo na vya kununua ni vichache. Ukifungua boneti mkono unaingia mpaka kiwiko, wakati kwa magari mengine hata panya anajuta. Mbele ni nyepesi, usukani hauchoshi. Na mlimani, usipoikimbiza, ina zile nguvu za punda, za chini chini. Trekta nyingi za zamani zilizolima ngano kule Timau zilikuwa za silinda tatu na hakuna aliyezicheka.

Ubaya wake ni huo kutembea kwa kinu. Raba zinazoshikilia injini, tulikuwa tunaziita mauntingi, zinakwisha haraka. Nati zinalegea. Bomba la moshi linaanza kuimba. Oili inayoingia ni kidogo, kwa hivyo ikipungua kidogo tu imepungua sana. Chomoa kile kijiti uangalie kila wiki, usingoje taa iwake. Ukiipakia kupita kiasi haikatai. Inabeba, inabeba, halafu siku moja inakuaga.

Lakini ubaya mkubwa watu hawautaji. Gari la silinda nne moja ikifa, hata abiria aliyelala anaamka, maana lilikuwa limetulia na sasa linaruka. La tatu linatetemeka likiwa zima. Mwenyewe analizoea. Siku silinda moja imelala, anasema, ah, ndiyo tabia yake. Kumbe amebaki na mbili, na hizo mbili zinavuta mzigo wa watatu.

Athumani alitufundisha kumtafuta mgonjwa kwa maji. Injini iwe baridi, iwashe, chovya vidole kwenye maji, rushia tone kila bomba la moshi pale linapotoka kwenye injini. Tone likichemka na kuruka, silinda hiyo iko kazini. Tone likikaa kama umande, umempata. Kwa magari yenu ya sasa mabomba yamefunikwa, msijichome bure. Kuna kompyuta za kuuliza. Tena kompyuta husema kweli, ila inamwambia tu yule aliyeenda kuiuliza.

Karimi alikuwa anajua haya yote. Nilimfundisha mimi, na Athumani alimfundisha zaidi yangu, maana alimpenda kama dada. Wanaume wa soko Mikinduri walimcheka alipolileta lile gari. Wale madereva wa miraa, wanaoenda kama nyumba yao inaungua, walimwambia, "Karimi, umenunua kabati?" Mwingine akamuuliza kama mlimani anateremka kulisukuma. Karimi akachomoa ule ufunguo wa shingoni, akawaonyesha.

"Kabati yangu iko na ufunguo. Yako iko wapi?"

Alikuwa anabeba ndizi, kabichi na avokado mpaka soko la Meru. Alijua magunia yake na hakuzidisha hata moja. Gia ya pili mlimani, taratibu. Wale wa mbio walimpita, lakini kila mwezi wao walikuwa kwetu gereji, na yeye alikuja kubadilisha oili tu na kunywa chai.

Sasa Kaberia, yule shemeji, akapata harusi. Mwanawe Kirimi alikuwa anaoa msichana wa Igoji, na mahari ilikuwa inapelekwa. Kaberia akaja mwenyewe kwenye mlango wa Karimi kuomba gari. Hebu fikirini. Mtu aliyekuwa akikupimia chumvi amesimama nje ya mlango wako, kofia mkononi. Karimi aliniambia hata hakumwacha amalize. "Nitawabeba wote," akasema.

Na ni kweli aliwabeba wote. Nyuma kulikuwa na kondoo dume, magunia ya ndizi, na wanawake wa ukoo wamejazana wanaimba. Mbele kando yake alikaa Kaberia na kibuyu cha asali mapajani. Ukoo ule wana sheria yao: kibuyu cha mahari kikishatoka nyumbani hakigusi chini, hakirudi nyuma, na hakipumziki njiani mpaka kipokelewe na wenyewe. Kikipumzika, ndoa inapumzika.

Mimi na Athumani tulikuwa tumesimama kando ya barabara pale Meru mjini, tunataka kuvuka. Tulisikia nyimbo kwanza. Halafu gari likatokea, na Athumani akanishika mkono.

"Sikia, Mama Wawira. Wanatwanga wawili."

Nikasikia. Ile ya katikati ilikuwa imelala. Na nyuma moshi ulikuwa mweupe kama wa sufuria, maana yake maji ya rediata yalikuwa yameanza kuingia mahali pa moto. Athumani akavua kofia yake akaanza kuipunga, anaruka ruka pale kando ya barabara, mtu mzima na kanzu yake. Wale wanawake wakaona wamepokewa. Wakampungia leso, wakapiga vigelegele! Karimi akapiga honi. Nilimwona uso. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, wala sikuiona tena.

Yeye alikuja kunieleza baadaye. Aliiona ile kofia, na alijua Athumani haipungi kofia yake kwa harusi ya mtu. Akaondoa mguu kwenye mafuta.

"Unafanya nini?" Kaberia akamuuliza.

"Fundi ananiita."

"Fundi ndiye anaoa? Kibuyu hakipumziki njiani."

"Shemeji, labda gari iko na shida."

"Si inatetemeka vile inatetemekanga siku zote?"

Na ni kweli ilikuwa ikitetemeka siku zote. Akakanyaga. Mimi simlaumu. Wanawake wa ukoo ule uliompimia chumvi walikuwa wamekaa nyuma yake, wanaimba kwa jina lake. Ni nani angesimama?

Walipita Nkubu. Kwenye kilima cha mbele injini ikapata moto kupita kiasi, ikagonga mara chache, ikazima. Kaberia hakuteremsha kibuyu hata hapo. Alisimama barabarani amekikumbatia mpaka gari lingine likapatikana, wakaendelea na kondoo wao. Mahari ilifika vizuri. Karimi alibaki na gari lake pale kilimani, peke yake, mpaka trekta likalivuta kuja kwetu.

Athumani alipofungua, kile kipande cha juu cha injini, ambacho mafundi wanakiita kichwa, kilikuwa kimepinda na kupata ufa. Chini kulikuwa kuzima. Akamwambia Karimi, "Nitakuagizia kichwa Nairobi. Hizi ndogo za tatu spea zake si nyingi, itabidi usubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kipatikane."

Na hii ni shida nyingine ya silinda tatu mnayopaswa kuijua: kuitengeneza ni rahisi, kupata kitu chake ni bahati. Ilikuwa karibu na msimu wa avokado. Karimi alikuwa ameahidi wakulima wa kwao kwamba atawabebea, na asipofika wangempa mwingine, na huyo mwingine hangetoka tena. Chumba chake kilikuwa kinategemea avokado zile.

Kulikuwa na fundi wa upande wa pili wa mji, kijana anaitwa Mwenda. Alikuja akazunguka lile gari, akatema mate. "Mama, tatu ni ya kushonea nguo. Niachie mimi, nakuwekea nne, utakuwa unawapita hao watu wa miraa."

Athumani akamwita Karimi kando, lakini sauti zao nilizisikia.

"Bi Karimi, chasisi hii ilizaliwa na tatu. Ukimvika mtoto koti la baba yake atatembea, sikatai. Lakini mvua ikinyesha koti litamwangusha."

"Athumani, wewe unangoja kichwa. Mimi ninangojwa na watu."

"Nipe muda."

"Muda si wangu nikupe!" Akaanza kulia, akakasirika kwa sababu analia. "Na kama ulijua gari yangu ni mgonjwa, kwa nini ulisimama tu hapo ukinipungia kama mtoto?"

Athumani akajipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Lichukue gari lako," akasema. "Injini itakaa hapa."

"Kaa nayo. Mimi siitaki."

Watu wa Mwenda wakalivuta likiwa tupu mbele, kama kinywa kisicho na meno.

Msimu ule, niseme ukweli, nilidhani Athumani amekosea. Silinda nne ya Mwenda ilikimbia. Karimi aliwapita watu wa miraa, aliwapungia mkono dirishani. Lakini ile injini ilikuwa nzito kuliko gari, na vishikio vyake vilichomelewa kwenye chuma chembamba kilichozoea mzigo mdogo. Springi za mbele zikalala. Halafu siku moja anapanda kuelekea Mikinduri, amejaza, vishikio vikang'oka na injini ikaanguka barabarani. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Avokado ziliteremka kilima chote, na watu wa huko waliteremka nazo. Mwenda alisema ni barabara mbaya. Watu wa vyuma vikuukuu walikuja wakachukua kila kitu kwa mizani. Chumba kikarudi kwa mwenye nyumba. Karimi akarudi kwa Kaberia.

Gereji hakuja tena. Nilisikia kwamba akija Meru kwa shughuli anazunguka njia ya mbali ili asipite Majengo. Na mimi wakati huo sikuwa huko. Mume wangu Njeru alipooza upande mmoja, nikamrudisha kwao huku Embu nimwangalie, na miaka ikaenda. Tulisalimiana na Karimi kupitia watu. Salamu ya kupitishwa haibebi mambo mengi.

Ngoja niwaambie ya Mukami kidogo, kwa maana ndiye aliyeleta maswali haya. Mjukuu wangu huyu alinunua gari la silinda tatu, la kisasa, akanichukua kwenda kanisani. Tukafika kwenye makutano, gari likazima. Nikamwambia, "Fungua boneti." Akasema, "Shosho, inajizima yenyewe ikisimama, inaokoa mafuta." Akaondoa mguu kwenye breki, likawaka. Nilimwambia enzi zetu gari likijizima kwenye makutano tulilifukuza nyumbani.

Hizi za sasa zimewekewa chuma cha kusawazisha ule mtetemeko na kifaa cha kupuliza hewa kwa nguvu, kwa hivyo tatu inavuta kama nne. Ni nzuri. Lakini baadhi yake zina mkanda unaozunguka ndani ya oili, na ukiweka oili isiyo yake mkanda unamomonyoka vipande, vipande vinaziba njia. Kwa hivyo msiweke oili ya kuambiwa na jirani. Na ile hewa ya kupuliza inataka injini ipumue dakika moja mbili kabla ya kuzimwa ukitoka mlima mrefu. Mukami ananisikiliza akiwa na haraka. Namwona anavyozima ghafla.

Basi mwaka uliopita Mama Zuhura, mke wa Athumani, alinipigia simu. Athumani alikuwa amefariki, arobaini imeshasomwa, na gereji inafungwa. "Njoo unisaidie kutenganisha vyombo," akasema. "Hapa kila mtu anaita kila kitu chuma."

Nilikwenda. Tukatenganisha spana, tukataja majina ya watu waliozishika: Gitonga, Salim, Murithi wa kuchomelea. Pembeni, juu ya fremu ya mbao, kulikuwa na kitu kimefunikwa kwa gunia safi. Gunia safi kwenye gereji ni jambo la kushangaza. Nikafunua.

Nilihesabu plagi kwa kidole. Tatu.

Zuhura, binti yao, akaniambia, "Hiyo ni ya yule mama wa Mikinduri. Baba hakutaka iguswe. Kila Ijumaa asubuhi alikuwa anaiwasha, anaisikiliza kidogo, halafu anaenda kuoga aende msikitini."

"Kichwa alipata lini?"

"Zamani. Aliniambia kilifika avokado zikiwa bado kwenye miti."

Nilikaa kwenye tairi. Nikamuuliza kwa nini hakumtumia Karimi habari. Zuhura akasema alimuuliza baba yake hivyo hivyo. Alijibiwa kwamba mteja akitoa gari akalipeleka kwa fundi mwingine, wewe humfuati, unaonekana unamnyang'anya mwenzako kazi. Ungoje arudi mwenyewe. Hiyo ni kweli, ndiyo ilikuwa desturi yetu sisi mafundi wa Majengo, na iliepusha ugomvi mwingi. Nimeitetea mara nyingi. Siku ile sikuweza.

Zuhura akamimina petroli kwenye kopo la kuilisha injini, akaiwasha ili nisikie. Iliwaka mara moja. Ile fremu ikaanza kutembea kidogo kidogo sakafuni.

Kutoka hapo sikurudi Embu moja kwa moja. Nilipanda kwenda Mikinduri. Karimi nilimkuta nyuma ya nyumba ya Kaberia, anachambua maharagwe kwenye ungo. Shingoni hakuna kamba.

"Muga!" nikamwita kwa salamu ya Kimeru.

"Muga mono! Kaari!" akaitikia kwa jina langu la usichana. "Ni wewe ama ni mzimu?"

"Mzimu hauumwi magoti."

Tulicheka, tukashikana, akanisogezea kigoda. Nikampa habari ya msiba, alikuwa ameisikia. Halafu nikamwambia habari ya injini. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Ile ile yangu?"

"Ile ile. Na kichwa kipya."

"Kilikuja lini?"

Ningeweza kudanganya. "Avokado zikiwa bado kwenye miti."

Vidole vikasimama. "Na hakuniambia."

"Alisema fundi hamfuati mteja."

"Na mimi nilisema siwezi kurudi kwa mtu niliyemtukana." Akachukua harage moja bovu, akalitupa mbali kuliko ilivyohitajika. "Zinapiga zote?"

"Zote tatu. Nimesikia kwa masikio yangu."

Akaanza kucheka, kicheko kisicho na meno ya furaha. "Kaari, angetuma mtu aje anitukane tu. Aseme, mjinga wewe, njoo uchukue injini yako. Ningeteremka mbio bila viatu. Nilikuwa nangoja mtu anitukane. Hapa kila mtu alinihurumia."

Nikamwambia kwamba Mama Zuhura anafunga gereji, anataka kujua mwenye injini anasemaje. "Ni yako, Karimi. Iuzwe? Iletwe huku? Wewe ndiye wa kusema."

Akainua kichwa. Niliona anafikiri, uso umeanza kufunguka, mdomo tayari kusema.

"Karimi!" Kaberia akaita kutoka ndani, sauti ya kizee. "Maji ya kuoga yako wapi?"

"Nakuja nayo," akasema.

Akaweka ungo mapajani mwangu, akashika goti, akainuka, akaenda jikoni. Nikabaki nachambua maharagwe yake.